Gari Tulilolisukuma: Habari za Mashindano ya Safari



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari ya kale ambayo haitamchosha mtu siku ya mkutano. "Usituletee tena orodha ya Wakuu wa Shule," aliniambia, "hiyo tunayo." Basi nimechagua jambo ambalo darasa letu, lile lililomaliza Kidato cha Nne mwaka 1969, linalikumbuka kuliko mengi tuliyofundishwa ubaoni. Nalo ni mashindano ya magari ya Safari, ambayo wakati wa Pasaka yalipita katika barabara ya udongo iliyo chini ya shule yetu. Vijana wa leo wameyaona kwenye televisheni yakifanyika Naivasha. Sisi tuliyaona kwa macho, na wengine wetu tuliyaona kwa bakora. Nitaeleza.

YALIVYOANZA

Mwaka 1953 Uingereza ilikuwa ikijiandaa kumtawaza Malkia Elizabeth wa Pili. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa bado chini ya Waingereza, na wapenda magari wa Nairobi walitafuta namna yao ya kuadhimisha siku hiyo. Mmoja wao, Eric Cecil, hakuvutiwa na mbio za kuzunguka uwanja mmoja mpaka watazamaji washikwe na kizunguzungu. Yeye alitaka mashindano ambayo mtu atafunga mlango wa gari lake, akate nchi za watu, kisha arudi. Kwa hiyo kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni 1953 yakafanyika mashindano ya kwanza katika barabara za nchi zote tatu, yakaitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 yakabadilishwa jina, yakawa East African Safari Rally.

Tazameni kwamba katika jina lile refu la Kiingereza, neno lenye uzito lilikuwa letu. Neno hilo "safari" limebandikwa baadaye kwenye magari ya watu ambao hawajui hata kusema "hujambo". Pontiac ya Marekani ilikuwa na gari liitwalo Safari tangu miaka ya 1950, na Tata ya India ikatoa la kwake mwaka 1998.

Barabara za mashindano hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na ng'ombe wakienda mtoni, basi la abiria, lori la pamba, na mzee mwenye baiskeli na mkungu wa ndizi. Urefu wa njia katika miaka ya 1960 ulikuwa kiasi cha maili 3,000, yaani karibu kilomita 5,000, usiku na mchana. Na kwa kuwa kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yalikutana uso kwa uso na masika.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Njia iligawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na kituo cha ukaguzi na muda uliowekwa. Ukifika umechelewa, kila dakika uliyochelewa iliandikwa kuwa pointi ya adhabu. Mwishoni, mwenye pointi chache ndiye bingwa. Kwa maneno mengine, mshindi hakuwa aliyekimbia kuliko wote, bali aliyechelewa kidogo kuliko wote. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye alikuwa na Volkswagen ya rangi ya maziwa, aliifurahia sana kanuni hii. Kila mwaka karibu na Pasaka alituandikia ubaoni: gari limetoka kituo A saa fulani, limekwama matopeni dakika 17, je, litapata pointi ngapi likifika kituo B? Kuna watu katika darasa letu ambao hawakupata kuelewa mwendo wa wastani mpaka siku ile.

MAGARI YA DUKANI

Jambo la kwanza ambalo lazima kijana wa leo alielewe ni kwamba mwanzoni magari yale hayakuwa mitambo ya ajabu. Kanuni zilitaka liwe gari la kawaida, kama lile linaloweza kununuliwa dukani. Hata madaraja ya mashindano yalipangwa kwa bei ya gari, si kwa ukubwa wa injini. Gari la bei nafuu lilishindana na wenzake wa bei nafuu.

Katika mwaka ule wa kwanza hakutangazwa bingwa mmoja wa jumla, lakini waliopoteza pointi chache walikuwa Alan Dix na mwenzake Larsen, ndani ya Volkswagen, ile ndogo yenye mgongo kama wa kobe. Volkswagen ikashinda tena mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Wapo waliodhani ni bahati. Haikuwa bahati. Injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo katika tope uzito ulikuwa mahali unapohitajika. Tena inapozwa kwa upepo, haina rejeta. Gari lisilo na rejeta halichemki mlimani, na jiwe haliwezi kutoboa kitu ambacho hakipo.

Baadaye zikaja Mercedes. Bill Fritschy alishinda mwaka 1959 na 1960 kwa Mercedes 219, na John Manussis akashinda mwaka 1961 kwa 220SE. Lakini gari lililoingia mioyoni mwa watu wa huku lilikuwa Peugeot 404, au Pijo kama tulivyoitamka sisi. Lilishinda mwaka 1963 na Nick Nowicki na Paddy Cliff, likashinda mwaka 1966 na 1967 na Bert Shankland na Chris Rothwell, kisha likashinda tena mwaka 1968 na Nowicki na Cliff wale wale. Mara nne katika miaka sita! Springi zake zilikuwa ndefu na laini. Tairi lilishuka shimoni na kupanda tena, na mwili wa gari ukabaki umetulia kama mtu aliyebeba mtungi kichwani.

Sisi wa Tanzania tulikuwa na sababu ya ziada ya kulishangilia. Shankland alikuwa Mskochi, lakini aliishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Basi aliposhinda, nasi tulishinda. Mwaka 1967 redio ya mwalimu wa zamu iliwekwa dirishani ili bweni zima lisikie, na matokeo yalipotangazwa, sufuria zilipigwa jikoni mpaka mpishi akaja na mwiko.

Hapakuwa na tangazo la biashara lililoweza kushinda hilo. Mkulima wa kahawa, daktari wa wilaya na mwenye teksi waliona gari lile lile wanalolijua likitoka matopeni likiwa limeongoza. Huko Kenya, 404 za kubebea mizigo zikafungwa maturubai na mabenchi, zikawa matatu. Gari lililobeba kikombe na gari lililobeba mama na kuku wake yalikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1965 ulikuwa wa Joginder Singh. Huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi wa magari, na mwaka 1958 alikuwa mtu wa doria wa chama cha wenye magari, kazi yake kuwasaidia walioharibikiwa njiani. Yeye na mdogo wake Jaswant walinunua Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Wakaitengeneza wenyewe, wakapewa namba 1, wakaondoka wa kwanza na kurudi wa kwanza, wakimwacha wa pili kwa saa moja na dakika 40. Watu walifikiri gari lile limechoka. Kumbe gari halichoki likiwa na fundi anayelisikiliza. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akawa mtu wa kwanza kulichukua kombe mara tatu. Alianza mashindano haya mara 22, akayamaliza mara 19. Vijana, hesabu hiyo ya pili itazameni zaidi kuliko ile ya vikombe.

Wajapani nao walikuja kama wanafunzi. Nissan walianza kuleta magari mwaka 1963, wakavunjikiwa, wakaandika walichovunjikiwa, wakaenda kwao, wakarudi. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600SSS, na mwaka 1971 wakashinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1969 huko Japani ilitolewa filamu nzima kuhusu mashindano haya, ikiwa na mwigizaji maarufu Yujiro Ishihara. Yaani vijana wa Tokyo walikaa gizani kutazama vumbi letu. Na baada ya hapo ndipo barabara zetu zilipoanza kujaa Datsun na Toyota ambazo bado hazijaondoka.

Kwa upande mwingine, Porsche ya Ujerumani, kampuni yenye sifa dunia nzima kwa magari ya mbio, ilipata nafasi ya pili mwaka 1972, ya pili mwaka 1974, na ya pili mwaka 1978. Kombe la Safari haikulipata. Barabara yetu haikujali jina la mtu.

VIKOROKORO VYA NDANI NA NJE

Sisi watoto wa shule tulipenda vikorokoro kuliko injini, kwa sababu vilionekana.

Ndani ya gari, mbele ya msoma ramani, kulikuwa na mtambo mdogo uitwao Halda, wa kampuni ya Sweden iliyojulikana pia kwa mita za teksi. Ulipima umbali kwa vipande vidogo vya maili, ili msoma ramani aweze kusema: baada ya robo maili kuna daraja, punguza. Kulikuwa na aina nyingine yake iliyounganishwa na saa. Ukiipa mwendo wa wastani unaotakiwa, mshale wake ulikuonyesha kama umewahi au umechelewa. Kando yake zilifungwa saa za kupimia mbio, kubwa kama vifuniko vya kopo la kahawa. Mwenzetu mmoja aliichora ile Halda nyuma ya daftari lake la Jiografia, kisha akaiunda kwa gurudumu la cherehani na uzi, akaifunga kwenye gari lake la waya. Haikupima kitu, lakini ilizunguka.

Nje ya gari, mbele kabisa, kulikuwa na vyuma vya kukinga wanyama, na taa nyingi kuliko macho ya buibui. Nyuma, magari mengi yalikuwa na kibao juu ya bampa na vishikio viwili kwenye mwili wa gari. Tulidhani ni mapambo. Kazi yake ilikuwa hii: gari likianza kuserereka katika tope, msoma ramani anatoka, anasimama juu ya kibao, anashika vishikio, na kurukaruka ili uzito wake uyabane magurudumu ya nyuma. Hebu fikirini bwana mzima mwenye ramani na elimu yake akirukaruka nyuma ya gari mvuani saa nane za usiku.

Katika miaka ya 1980 mambo yalizidi. Makampuni makubwa yalileta helikopta iliyoruka juu ya gari, na mtu ndani yake akisema kwa redio: mbele kuna twiga, mbele kuna lori. Magari mengine yakawekewa bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka juu ya paa, ili injini isimeze maji mtoni. Lilionekana kama tembo anayeoga.

Lakini kikorokoro kilichonifurahisha kuliko vyote hakikuwa chuma. Kulikuwa na Mswidi mmoja, Erik Carlsson, mtu wa miraba minne, aliyeendesha Saab ndogo. Mwaka 1963 alikuwa akiongoza, usiku akagonga mhanga, yule mnyama mchimbaji wa vichuguu, na safari yake ikaishia hapo. Mwaka 1964 alirudi, na gari lake lilipozama matopeni, yeye na mwenzake Gunnar Palm waliliviringisha kwa ubavu kama pipa, likapindukia paa lake na kusimama mahali pakavu, wakaondoka. Waandishi wa habari hawakuamini. Basi baadaye akaliviringisha tena mbele ya macho yao. Alimaliza wa pili mwaka ule.

MWAKA WA WATU SABA

Sasa nifike kwenye bakora.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Watu walisema haitatokea tena. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakarudi saba. Mvua ya mwaka ule wazee wetu wanaikumbuka kwa mambo mengine, kama mazao na madaraja, lakini sisi tunaikumbuka kwa usiku mmoja.

Tulikuwa Kidato cha Tatu. Wengi tulibaki shuleni Pasaka ile kwa kuwa kwetu kulikuwa mbali. Mkuu wa Shule alitangaza kwamba hakuna ruhusa ya kushuka barabarani baada ya kengele ya kulala. Kengele ikalia. Tukalala. Kisha tukasikia, mbali sana bondeni, injini ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, kisha ikalia mahali pamoja tu. Kila aliyekulia kijijini anaijua sauti ile. Ni gari lililokwama.

Tulitoka watano kupitia tundu la seng'enge nyuma ya banda la kuni. Pale kwenye kivuko, penye mwembe, tulikuta taa zimeelekea mbinguni na magurudumu ya nyuma yamezama mpaka kwenye ekseli. Wanakijiji walikwisha kufika kabla yetu: wanaume wenye majembe, vijana, hata bibi mmoja aliyekuwa akitoa amri. Dereva alikuwa ametapakaa tope, meno tu ndiyo yaliyoonekana. Hatukuwa na lugha moja wote, lakini neno "sukuma" kila mtu alilijua. Tulisukuma. Tulikata matawi, tukayatia chini ya matairi, tukasukuma tena. Nani alihesabu dakika? Labda 20, labda 40. Mwisho gari liliruka mbele kama mbuzi aliyekatika kamba, sote tukaanguka kifudifudi, nalo likapotea kwenye kona. Honi ililia mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa ahsante, na ilitutosha.

Asubuhi, tope la masikioni lilitusaliti. Mkuu wa Shule alitupanga mbele ya ofisi yake, akatoa bakora nne kwa kila mmoja, bila hasira, kama mtu anayelipa deni. Alipomaliza, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini: "Lilikuwa namba ngapi?"

Tulimwambia. Siku mbili zile zilizobaki tulisikiliza redio kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Majina saba yakatajwa. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wawili, Lucille Cardwell na Geraldine Davies, waliomaliza wa saba ndani ya Datsun Cedric, jambo ambalo lilizua mabishano marefu bwenini. Gari tulilolisukuma halikuwamo.

MIPAKA

Mashindano haya yalikuwa na umri wa miaka 14 wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwaka 1967. Kwetu sisi wanafunzi, Jumuiya ilikuwa vitu vinavyoshikika: treni, posta, mtihani, na magari haya. Hatukuona ajabu gari lenye namba za Kenya kuja kukwama Tanzania baada ya kutoka Uganda. Ndivyo dunia ilivyokuwa.

Kisha ikaanza kupasuka. Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka Uganda, na mwaka 1972 akawafukuza Waasia. Miongoni mwa familia zilizohamia Kenya ilikuwamo ya Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala mwaka 1945. Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, mashindano yalipoingizwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia, Mehta na Lofty Drews walimaliza kwa pointi sawasawa kabisa na Mswidi Harry Källström, ikabidi kutazama nani alikwenda mbali zaidi mwanzoni kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ushindi ukaenda kwa Mehta. Mtu aliyepoteza nchi alipata kombe la barabara. Akalitwaa tena miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi mara tano. Hakuna aliyefikia hapo mpaka leo.

Lakini barabara yenyewe ilikuwa ikikatwa vipande. Kufikia mwaka 1974 mashindano yalikuwa ya Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Wadogo zetu waliosoma hapa katika miaka ile waliisikia Safari redioni kama habari ya nchi ya mbali. Pale kwenye kivuko, mwembe ulibaki, lakini hakuna aliyekuja kukwama.

Huko Kenya mashindano yaliendelea kukua. Madereva wa ng'ambo, ambao mpaka mwaka 1972, aliposhinda Hannu Mikkola wa Finland, walikuwa hawajapata kushinda, sasa wakawa ndio wenyewe. Magari nayo yakaacha kuwa ya dukani. Mwaka 2002 ulikuwa wa mwisho katika ubingwa wa dunia kwa muda mrefu. Tangu mwaka 2003 yameanzishwa pia mashindano ya magari ya zamani, na hayo yamewahi kuvuka tena mpaka na kuingia Tanzania, kana kwamba magari yale makongwe yalikuwa yakikumbuka njia. Na mwaka 2021 Safari ikarudi katika ubingwa wa dunia, safari hii ikizunguka Naivasha, katika vipande vilivyofungwa vyenye jumla ya kiasi cha kilomita 320. Sébastien Ogier alishinda. Ni mashindano mazuri, nami nimekwenda kuyatazama. Lakini hapo mtazamaji ana mahali pake nyuma ya kamba. Hasukumi.

WALIOSUKUMA

Hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu.

Nimetaja majina mengi katika makala haya, na kama mlivyoona, karibu yote ni ya Wazungu na ya Waasia. Sikuyachagua hivyo. Ndivyo yalivyoandikwa katika orodha za washindi. Katika miaka ya 1950 na 1960 Mwafrika mwenye gari alikuwa mmoja mmoja, na mwenye gari la kuhatarisha mtoni alikuwa adimu zaidi. Ilichukua muda mrefu. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru alikiingiza mwishoni Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660 tu, akawa wa 12, wakati wenzake waliokuwa na Vivio kama hiyo, akiwamo Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia, walikwama njiani. Mwaka uliofuata, ule aliposhinda Mkenya mwenzake Ian Duncan, Njiru alimaliza wa nne.

Je, ina maana kwamba kabla ya hapo Mwafrika hakuwamo katika Safari? Mimi nakataa. Alikuwamo chini ya gari, na spana mkononi. Alikuwamo kituoni akikimbiza madebe ya petroli. Alikuwamo kwenye kivuko usiku, na jembe lake mwenyewe, na kesho yake ana shamba la kulima. Nani alimwita? Hakuna. Nani alimlipa? Honi mbili. Nami nadhani hapana gari hata moja kati ya yale yaliyoshinda miaka ile ya tope ambalo halikuguswa na mikono yake. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, wala watu wawili hawamalizi maili 3,000 za masika peke yao.

Orodha ya washindi imehifadhiwa vizuri na itaendelea kuhifadhiwa. Orodha ya waliosukuma haipo. Wale watano wetu tuliopita kwenye tundu la seng'enge, wawili wametangulia mbele ya haki. Aliyeunda Halda ya gurudumu la cherehani alikuwa fundi mitambo kwa miaka 30, akafundisha vijana wengi kulisikiliza gari, na hata siku moja hakukubali kwamba usiku ule tulifanya kosa. Bibi yule aliyekuwa akitoa amri, sikupata kulijua jina lake. Hilo ndilo linalonikera nikiwa mzee.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Ninyi wa rika langu, mje kwenye mkutano na picha zenu, hata zile zilizoliwa na mchwa pembeni, na muandike nyuma yake nani yuko wapi. Na ninyi vijana mliopo shuleni, mmoja wenu achukue daftari, ashuke mpaka kwenye kivuko, safari hii kwa ruhusa, aulize katika nyumba zilizo karibu na mwembe ni nani waliokuwapo Pasaka ya mwaka 1968. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee, wala hawatangoja sana.

Daraja la saruji limejengwa pale siku nyingi, na basi hupita bila hata kupunguza mwendo. Nikipita mimi, humwomba dereva apige honi. Mara mbili.